Maharage ya Paka

4 Februari

Kijiko mwanangu,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Natumaini barua hii inakukuta una afya, na kwamba huko jikoni kwenu hospitalini hawakutumikishi kupita kiasi. Mimi shangazi yako ni mzima, nadunda. Cherehani nayo ni nzima. Msimu wa sare za shule umepita salama, ila mama mmoja alirudisha sketi tatu akidai nimezibana, kumbe ni binti yake aliyenenepa likizoni. Nimezitanua, nimemwangalia tu.

Ninakuandikia kwa sababu ya paka wangu, Karani. Cheka kwanza, ukimaliza usome. Unajua jina hilo alilipata kwa kulalia daftari langu la vipimo kutwa nzima, mteja akija mpaka nimwombe ruhusa. Sasa ana wiki tatu hajapanda mezani. Anakunywa bakuli zima la maji, nikilijaza analimaliza tena. Anakojoa kama bomba lililopasuka. Anakula vizuri tu, mkate wetu wa kuchovya kwenye chai ya maziwa tunagawana kama zamani, lakini mgongo umebaki mifupa. Miguu ya nyuma anaikanyagia visigino. Halafu kuna ganzi. Inaanzia vidoleni na kupanda taratibu mpaka hujui kama mguu umefika sakafuni. Na asubuhi kuna ukungu machoni.

Wewe ndiye unayewapikia wagonjwa wenye masharti. Niandikie ale nini. Nitafuata neno kwa neno. Unanijua, nikishapewa kipimo sipindishi.

Usinipigie simu. Simu iko kwenye kopo la vifungo na huko ndiko inakokaa. Habari za ugonjwa kwenye simu zinanitia wasiwasi, na pazia la duka halizuii masikio ya watu.

Nikupendaye,
Shangazi yako


13 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nimechoka kidogo tu. Asubuhi niko jikoni, jioni niko darasani, na mtihani wa lishe ni mwezi wa sita. Nikifaulu, sitakuwa tena mtu wa kukoroga masufuria. Nitakuwa mmoja wa wale wanaoandika kadi za wagonjwa.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye stoo ya viazi. Nikatafuta gunia, nikaketi, nikaisoma tena. Shangazi, nimemwelewa Karani. Nimemwelewa vizuri sana, labda kuliko unavyodhani. Wagonjwa wa namna yake tunawapikia kila siku, meza yao iko pembeni ya yangu, na kila trei ina kadi yake. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi na wala sitauliza maswali mengi. Haya ndiyo ya Karani:

Chai ya sukari, mkate mweupe na biskuti, aviage leo. Asubuhi ale maharage yaliyochemshwa, kikombe kimoja, na kipande kidogo cha mkate wa unga usiokobolewa. Mchana nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage au dengu, robo iwe wali kidogo. Nyama si lazima, na ikiwepo iwe kipande cha ukubwa wa kiganja, isiyo na mafuta. Jioni kama mchana, ila apunguze. Chumvi kwa ncha ya vidole.

Na haya si ya chakula lakini ni makubwa zaidi. Karani apelekwe zahanati apimwe sukari, asubuhi kabla hajala. Miguu yake iangaliwe kila siku, hata katikati ya vidole, na asitembee peku, hasa humo chumbani kwako mlimojaa pini.

Tafadhali, Shangazi. Nampenda sana Karani. Mwambie hivyo.

Mwanao,
Kijiko


24 Februari

Kijiko binti yangu,

Habari za masomo? Huku kwema, mimi ni mzima wa afya na barua yako nimeibandika ukutani juu ya cherehani.

Kusoma ni kuzuri, ila naona kumekupeleka mbali. Zahanati nitampeleka vipi? Apange foleni na akina mama wajawazito? Yule muuguzi wa dirishani hata watu anawafukuza. Hilo nimeliacha. Lakini mengine yote nafuata.

Kuhusu kutembea peku nilikaa nikatafakari siku nzima. Mwisho nimekata mabaki ya kitambaa cha sare, cha bluu, nikamshonea soksi nne zenye mpira. Alitembea hatua mbili akaanguka kiubavu, akabaki amelala ananitazama kama nimemuua mama yake. Muuza mkaa wa jirani alikuja kuchukua suruali yake, akaona, akalazimika kushika mlango ili asianguke kwa kicheko. Lakini masharti ni masharti, nikazirudisha.

Maharage ndiyo kazi. Siku ya kwanza aliyanusa akanigeuzia mgongo. Siku ya pili nikayaponda na kumlisha kwa kijiko, akayatema kwenye gauni la mteja. Mboga za majani hataki hata kuziona. Leo ni siku ya pili tumbo lake halina kitu zaidi ya maji, nami roho inaniuma, maana samaki ninao ndani na harufu anaisikia. Nimpe? Wewe hukuandika samaki.

Nijibu upesi.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo na leo hii najibu, nimempa dereva wa lori la maziwa aipeleke ili isilale posta.

Soksi zimenichekesha mpaka mkuu wa jiko akauliza kuna nini. Lakini Shangazi, tuache mzaha kidogo. Najua Karani ni mkaidi. Najua hapendi kuambiwa la kufanya, na najua akiambiwa zahanati anatoa sababu mia. Wote wako hivyo. Kuna bwana mmoja hapa wodini alikuwa anaficha peremende ndani ya Biblia.

Dawa yake ni msimamo. Asipewe kitu kingine chochote mpaka azoee. Samaki wa kukaanga, hapana. Chai, hapana. Akinuna, anune. Akisema hana njaa, mwache, njaa itamrudisha mwenyewe. Mtu hafi kwa kula maharage.

Ninasema kwa ukali kwa sababu ninaogopa. Umenielewa, najua.

Mwanao,
Kijiko


9 Machi

Kijiko,

Sina salamu ndefu leo.

Karani alikuwa afe. Nilimkazia kama ulivyoagiza. Samaki nikampa muuza mkaa ili nisishawishike. Siku ya tano Karani hakuinua kichwa. Masikio na ufizi vilikuwa vimegeuka njano. Nikamfunga kwenye mtandio na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, yule wa kule kwenye mnada wa ng'ombe. Nilitembea njia nzima kwa miguu yangu.

Alimchoma maji chini ya ngozi, akampima sukari kwa tone la damu la sikioni, akaguna. Ni kisukari kweli. Lakini akasema kilichotaka kumuua si kisukari, ni njaa. Paka akikaa siku tatu bila kula, ini linaanza kumlemea. Akauliza nimekuwa nikimpa nini. Nikamtolea orodha yako mfukoni, kwa fahari, nikasema imeandikwa na mtaalamu.

Aliisoma yote. Akaisoma tena. Akavua miwani, akasema, "Mama, huyu ni paka au mbuzi?"

Basi nikaelezwa, mbele ya watu wenye ng'ombe zao. Paka ni mla nyama, mwili wake haujui la kufanya na maharage. Mwenye kisukari ndiye hasa anayehitaji nyama na samaki, bila wali, bila mkate, bila mboga. Yaani kila ulichomkataza ndicho dawa, na kila ulichomwandikia ni sumu ya polepole. Na soksi akazivua yeye mwenyewe, akazitia kwenye mfuko wa koti lake. Nadhani amekwenda kuwaonyesha wenzake.

Halafu akasema, "Orodha hii ni nzuri sana. Ila ni ya mtu. Aliyeiandika alikuwa anamwandikia mtu." Akanitazama uso, akashusha macho mpaka miguuni.

Kwa hiyo nakuuliza, Kijiko, ulikuwa unamtibu nani? Mimi nilikuambia paka. Niliandika paka. Wewe ukakaa huko kwenye gunia la viazi ukanisoma kama gazeti, ukajifanya una akili kuliko barua. Paka wangu ametundikiwa dripu kwa sababu ya akili zako.

Shangazi


15 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Naandika nisamehe kabla ya kingine chochote, kwa sababu kingine chote ni maelezo.

Nimekosa. Nilimnyima paka mgonjwa samaki kutoka umbali wa siku nzima ya safari, tena kwa ukali, na nilijiona hodari. Nilimweleza mkuu wetu wa lishe, mama mzito asiyecheka ovyo. Akasema swali la kwanza kwenye kadi yoyote ni "mgonjwa ni nani", na mimi nililiruka. Amenipa wiki mbili za kumenya vitunguu. Nimezistahili.

Lakini nisikilize na mimi. Nilikua chumbani kwako. Wewe hujawahi kunigombeza hata siku moja, ulikuwa unamgombeza paka wa wakati ule. "Mwambie huyo mtoto sahani hazijioshi." Nilipovunja ungo, paka ndiye uliyemweleza mambo yote, kuanzia kitambaa mpaka maumivu, mimi nikiwa nyuma ya pazia nimeziba mdomo. Bibi alipougua hukuniambia. Ulimwambia paka, "Mama hatutoki naye mwaka huu," na mimi nikajua. Nyumbani kwetu habari nzito zote zimepita kwa paka. Sasa inakuja barua, paka ana kiu, paka amekonda, paka ana ganzi. Ningesoma vipi?

Na hapo ndipo ninapokwama, Shangazi. Kiu unaweza kuiona. Kukonda unaweza kukuona. Ganzi umeionaje? Paka gani alikuambia kwamba ganzi inaanzia vidoleni? Paka gani alilalamika ukungu asubuhi?

Sasa nakuuliza waziwazi, bila paka katikati. Nani ana ganzi? Na kwa nini daktari wa ng'ombe alitazama miguu yako?

Kila barua umeniandikia u mzima. Naomba uniandikie ulivyo.

Mwanao,
Kijiko


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimengoja jibu siku kumi na nane. Nimepiga simu, inaita ndani ya kopo la vifungo, bila shaka, au haina chaji kabisa. Nimeota vibaya mara mbili.

Kama bado umenikasirikia, kasirika, lakini nitumie hata bahasha tupu nijue kuna mkono ulioibandika.

Nimeongea na mkuu wa jiko. Nimemwambia naacha kazi na masomo nayaahirisha. Hajakubali wala hajakataa, amesema nilale kwanza na wazo hilo. Nimelilalia siku tatu, bado liko palepale. Jumamosi ijayo nitapanda basi. Nikikukuta mzima utanifukuza, sawa. Nikikukuta vingine, nabaki kukuuguza mpaka upone.

Kijiko


6 Aprili

Kijiko mwanangu, mtoto wangu,

Usije. Usipande basi. Ikiwa umeshafunga begi, lifungue. Barua hii nimempa dereva wa lori lako la maziwa na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Nakusalimu kwa moyo wote. Nilikuwa nimelazwa, siku ishirini na nane, jana nimetoka; hata barua ile ya hasira niliiandikia wodini. Barua zako zote mbili nimezikuta chini ya mlango. Kwa hiyo si hasira, mwanangu, ingawa nilikuwa nayo.

Uliuliza nikuandikie nilivyo. Kiu na kukonda na kukanyagia visigino ni vya Karani. Ganzi ni yangu. Ukungu ni wangu. Nilipokuwa naandika niliviunga pamoja, kama mtu anayeunga vitambaa viwili kwenye gauni moja akitumaini mshono hautaonekana. Nilijiambia majibu ya paka yakija, nitaiba kidogo na langu. Hukukosea kusoma. Mimi ndiye niliyeandika kwa ujanja, na paka akaulipia.

Kulikuwa na pini. Siku gani iliingia sijui. Nilivua soksi kwa ajili ya kuoga nikaikuta imezama mpaka kichwani, upande wa chini wa dole gumba la kulia, mguu wa kukanyagia cherehani. Sikusikia kitu, Kijiko. Hilo ndilo lililonitisha, si pini. Nikaichomoa, nikapaka dawa ya maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikaendelea kushona. Hiyo ilikuwa Januari. Nilipokwenda mnadani na Karani kifuani, kitambaa kilikuwa kimeshalowana.

Yule daktari wa mifugo alimaliza na Karani, akafunga mlango, akasema, "Sasa mama, keti hapo, toa kiatu. Mimi siruhusiwi kukutibu, lakini macho ninayo." Alitazama. Akachukua ile orodha yako, akaandika nyuma yake, "Orodha ni yake. Apokelewe leo." Akanipeleka hospitali kwa pikipiki yake mwenyewe, nyuma nikiwa nimekaa na ngozi ya ng'ombe. Sukari ilikuwa ishirini na tatu. Karani alibaki kwake, akila samaki na kuchomwa sindano za sukari, na jana amenirudishia.

Wamesafisha kidonda mara tano. Daktari wa miguu, binti mdogo lakini mkavu, aliniambia bila kuzunguka. Dole gumba linaweza kubaki, linaweza kukatwa. Likikatwa halafu kidonda kikagoma, wanapanda juu. Atajua mwanzoni mwa Mei. Kinachotegemewa ni vitu vitatu, vidonge, kutokanyaga, na mdomo wangu.

Sasa nakuambia kwa nini sikusema. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na nafasi kwenye karakana kubwa ya magauni ya harusi. Nilikuwa nakata, si kushona tu, nakata. Mama akaanza kuumwa, na wote wakageuka kunitazama mimi. Nikafunga begi. Miaka sita. Simjutii mama hata dakika moja. Ninachojutia ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Nikaapa kwamba mimi sitakuwa sababu ya mtu kufunga begi. Na wewe ndiye mtu wa pekee ambaye angelifunga bila kuulizwa, kama unavyofanya sasa hivi.

Ninaogopa. Hilo pia umetaka kujua. Bila mguu ule sijui mimi ni fundi wa nini. Lakini nitaogopa zaidi nikikuona mlangoni na begi. Fanya mtihani wako.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Begi nimelifungua. Nimelia kwanza, kisha nimelifungua, nguo zimejikunja vibaya na sina wa kunipigia pasi.

Nabaki, lakini kwa masharti, na mimi nikishatoa masharti unajua hali inavyokuwa. Kila Jumatatu utanitumia namba zako za sukari, za asubuhi saba zote, hata zile mbaya. Hasa zile mbaya. Dereva wa lori amekubali kuwa tarishi wetu, anasema anataka kujua mwisho wa hadithi. Na simu itoke kwenye kopo.

Nimefanya kosa jingine ambalo hukuligundua. Ile orodha ilikuwa nzuri, daktari wa ng'ombe hakukosea. Lakini niliiandika bila kuuliza unapenda nini. Ni kadi ya mgonjwa wa kitanda namba fulani. Mkuu wa lishe amenikalisha jana, akaacha vitunguu vipumzike, akasema, "Mtu hali lishe, anakula chakula. Mwandikie shangazi yako chakula." Basi nimekuandikia upya.

Najua chai huiachi. Usiiache. Maziwa nusu, sukari hamna, tangawizi na iliki kwa wingi mpaka ulimi usahau unachokitafuta. Wiki ya kwanza utanitukana, ya tatu utazoea, naapa. Mkate kipande kimoja cha unga usiokobolewa, uchovye kama kawaida, na yai la kuchemsha pembeni. Mchana samaki, maana huwezi kumpikia Karani samaki wewe ukakaa unatazama. Chemsha mkubwa mmoja bila chumvi wala kitunguu. Mtolee Karani fungu lake kwanza, ondoa miiba, kisha lako lirudi motoni na nyanya, kitunguu, ndimu na mboga za majani nyingi. Sufuria moja, sahani mbili, kila mtu na ugonjwa wake. Maharage ni yako peke yako. Kidonda kinapenda nyama, yai na samaki, ndiyo matofali ya kuzibia, usijinyime hivyo. Wali ngumi moja, si kilima.

Na umwambie muuza mkaa akuletee maji, usibebe ndoo. Mguu ukae juu ya kiti.

Nilikuwa nataka kukuuliza jambo moja, na nauliza kwa sababu wewe hukuulizwa. Unataka nije lini? Si kuuguza. Nije tu. Sema mwenyewe.

Mwanao,
Kijiko


6 Mei

Kijiko mwanangu wa pekee,

Salamu tele, hata dereva wa lori anakusalimu, amekaa hapa kwenye benchi la wateja anangoja nimalize, anakunywa chai yangu ya tangawizi na kukunja uso. Nilimwambia asubiri wiki ya tatu.

Jana ilikuwa kliniki. Nilivaa gauni langu la kijani ili kama ni kukatwa, nikatwe nimependeza. Muuza mkaa alifunga biashara akaja nami, akakaa nje kwenye korido na mikono yake myeusi, akichafua ukuta wao mweupe kila alipoegemea. Binti mkavu akafungua kitambaa. Akatazama muda mrefu. Akabonyeza huku na huku. Mimi natazama dari, nahesabu mabati.

Kisha akaniambia nifumbe macho. Ana uzi mmoja mgumu wa plastiki, mwembamba kama wa kufungia vifungo vya koti, anakugusa nao sehemu kumi, nawe useme ukisikia. Mimi na uzi tumejuana miaka arobaini. Nikasema hapo. Akatia alama. Nikasema na hapo. Sehemu kumi, nilizisikia sita. Nne bado zimelala, na huenda zisiamke, ameniambia ukweli. Mwezi uliopita nilisikia tatu.

Nikafumbua macho, yeye anaandika. Nikamuuliza, "Daktari, lini mnakata?" Akasema, "Kukata nini? Kidonda kimefunga, mama. Dole lako hilo, nenda nalo nyumbani."

Kijiko, nililia. Mimi ambaye hata mazikoni huyaoni machozi yangu mpaka nifike ndani. Nililia kwa sauti, pale pale kwenye kitanda chao cha karatasi, mpaka muuza mkaa akafungua mlango akidhani wameshaanza. Nikamwonyesha dole. Akalitazama, naye akaanza kulia, mtu mzima yule, akajipangusa na mikono ile ya mkaa. Tulitoka hospitali watu wanatupisha njia. Sijui walidhani tumefiwa na nani.

Namba zangu za wiki ni hizi: saba, nane, saba, sita, tisa, saba, saba. Ile tisa ni keki ya ubatizo wa mjukuu wa mama wa sketi, kipande cha vidole viwili. Nilikula, sikutii, ilikuwa tamu. Karani naye ameongezeka nusu kilo, nampima kwenye mzani wa muuza mkaa. Daktari wa mifugo amempunguzia sindano, na kumchoma mimi ni kazi nyepesi, ngozi yake ni laini kuliko kitambaa cha suruali. Anatembea na nyayo zake zote sasa, hachechemei.

Cherehani nimeruhusiwa saa mbili kwa siku, na viatu vya kufunika. Leo asubuhi niliweka mguu kwenye pedali. Niliogopa kwanza, nikabaki nimeuweka tu. Kisha nikakanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikashuka, nami nikasikia chuma chini ya dole, si sana, lakini nilikisikia.

Umeniuliza nataka uje lini, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nataka nini, kwa hiyo nimefikiri siku tatu ili nisipoteze nafasi. Nataka uje mwezi wa saba, mtihani ukiwa umekwisha, ukae mpaka uchoke. Usije na dawa. Usije na orodha. Njoo na njaa.

Na siku ya kupokea cheti nataka uvae kitu nilichokukatia mimi mwenyewe. Nimeshapata kitambaa, rangi sikuambii. Nitumie vipimo vyako, vya kweli, usivute pumzi kwenye kiuno. Kukata nakumbuka, na mguu wa kushonea ninao.

Nikupendaye sana,
Shangazi yako